Debe la Kupimia Miguu

Mume wangu alipofariki, mwaka 2013, aliniachia kibanda cha katambuga, viatu vya tairi, sokoni Kasulu: matairi manne ya lori, kisu, nyundo, misumari midogo na debe lililojaa mchanga. Aliacha pia fungu la karatasi za mifuko ya saruji, kila moja ikiwa na mguu wa mteja uliochorwa kwa penseli. Hizo karatasi sikuzitunza. Nitaeleza.

Kwa miaka mingi nilimsaidia kufunga mikanda, lakini soli sikuwahi kukata. Nikajifunza kwa kuharibu. Tairi likishakatwa vibaya halirudi, na kila nilipotazama vipande vilivyoharibika niliona aibu, kana kwamba yeye amesimama nyuma yangu.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu wa sayansi, binti wa Tanga aliyepangiwa shule ya jirani. Alikuwa na tableti yenye programu aliyoitengeneza na mwenzake wa chuo. Unaweka chini karatasi yenye mraba mweusi, mteja anaweka mguu pembeni, na ukitazama kwenye kioo cha tableti unaona katambuga imeshavaliwa. Mkanda unaubadilisha kwa kidole: mwembamba, mpana, wa tyubu, wa kitenge. Halafu inatoa vipimo vya soli.

"Mama, makosa yote tunayafanya humu kwenye kioo," aliniambia. "Tairi hatuligusi mpaka mteja aridhike."

Maneno hayo yaliniingia. Watu wakajaa. Jirani yangu muuza vitunguu alijiona kwenye kioo, akasema, "Mimi nimeshavaa, naenda zangu!" Akaondoka pekupeku. Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Ili mguu utulie mbele ya kamera, mteja alitakiwa kukaa. Sikuwa na stuli. Nikamwaga mchanga wa lile debe, nikaligeuza, likawa kiti.

Alikuja mama mmoja wa kijiji cha Heru Juu, muuza makopa ya muhogo. Mguu wake wa kushoto uliungua utotoni, na vidole viwili vya mwisho vimejikunja. Kiatu kisipokatwa kwa kuufuata mguu ule, ngozi huchanika, na ikichanika hawezi kutembea mpaka sokoni. Kiatu alichotengenezewa na mume wangu kilikuwa kimekwisha.

"Toa karatasi yangu, ukate," alisema.

Nikamwambia sasa hatutumii karatasi. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote.

Alikaa kwenye debe, akachagua mkanda mpana. Nikakata. Akavaa, akazunguka kibanda mara mbili, akasema kimemkaa.

Juma lililofuata alifika sokoni akiwa amechelewa, pekupeku, kikapu cha makopa kichwani na katambuga juu yake. Mguu wa kushoto aliufunga kitambaa chenye damu.

"Kiatu chenu ni kizuri kikiwa kichwani," alisema akitua kikapu. "Mguuni kinauma."

Mwalimu alikuwepo. Akamkalisha, akapima tena. "Mbona vipimo ni vilevile, mama?"

"Vitaachaje kuwa vilevile? Si mmenikalisha tena!" Akaligonga debe kwa kiganja. "Hili debe fundi alikuwa akinitwisha. Ninyi mnanikalisha. Kwani mimi natoka Heru Juu nimekaa?"

Hapo nikaelewa. Nilimwona mume wangu mara nyingi akiwatwisha wanawake debe la mchanga kabla ya kuwachora mguu. Nilidhani ni utani wake, kwa sababu walikuwa wakicheka. Sikuwahi kumuuliza. Mguu wenye mzigo hutanuka, na vile vidole viwili husogea nje.

"Basi toa ile karatasi ya zamani," alisema yule mama.

"Sina," nikamjibu. "Siku za msiba mvua ilinyesha, kuni zikalowa. Karatasi zote niliwashia moto. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na hasira naye kwa kufa, nikazitia jikoni kwa mkono wangu."

Mwalimu aliinamia tableti yake. Yule mama akaniuliza:

"Moto uliopikia ugali wa siku ya pili ya msiba?"

"Ndiyo."

"Niliula ule. Nikaongeza na mara ya pili." Akatikisa kichwa. "Kumbe nilikula mguu wangu mwenyewe!"

Akacheka. Mimi sikuweza.

Nikatandaza karatasi ya saruji, yule mama akafungua kitambaa, akasimama juu ya karatasi. Mwalimu akamtwisha kikapu chake mwenyewe, makopa yakiwa bado hayajauzwa, kisha akaweka mraba mweusi pembeni na kuinua tableti. Nikapiga magoti. Penseli ilipofika kwenye vile vidole, niliviona vikisogea taratibu kuelekea nje, mpaka vikatulia.

"Fanyeni haraka," alisema kutoka juu. "Shingo hii si ya serikali."

Sikufanya haraka. Nilizungusha penseli kwa namna nilivyokuwa nikimwona mume wangu akizungusha, nikarudia pale kwenye vidole. Alipoondoka, nilichukua sepetu nikaurudisha mchanga kwenye debe.