Posa Yetu Ilikwama kwa Mtoto wa Nzige

Wasee, nilienda kuposa nikarudi nikijua mtoto wa farasi anaitwaje. Jibu la posa? Sina.

Nilikuwa na hasira kali. Skizeni.

Mimi ni Mjaluo wa Oyugis. Metrine wangu ni Mkuria, kwao ni Kehancha. Wazee wetu hawaelewani lugha, kwa hivyo posa inaongewa Kiswahili. Na siku hiyo bwana harusi hafungui mdomo. Unakaa, unaangalia viatu vyako, msemaji wako anaongea.

Msemaji wangu alikuwa baba mdogo Cephas. Huyo mzee anapenda maneno magumu vile wengine wanapenda mpira. Hata matangani atakupima msamiati.

Njiani nikamsihi, "Baba mdogo, leo tuongee ng'ombe tu. Tafadhali."

"Jared, unaniona mtoto?"

Babake Metrine, mzee Mirumbe, alitupokea bila hata kutabasamu.

Cephas akasimama. "Mzee, tumekuja kuomba mkazamwana."

"Mkazamwana!" Mirumbe akainua kichwa. "Mke wa mwanao! Kumbe kuna mtu bado anajua hilo neno? Haya, mtoto wa kitukuu?"

"Kilembwe! Mtoto wa farasi?"

"Kitekli! Wa punda?"

"Kihongwe!"

Wakagongana mikono, wakacheka mpaka machozi. Ng'ombe wakasahaulika hapo hapo.

Aki ya nani, nilisaga meno! Metrine alikuwa mlango wa jikoni, ananiangalia akitaka kulia. Na mimi siruhusiwi kusema hata "samahani wazee".

Kisha Cephas akauliza, "Mtoto wa nzige?"

Mirumbe akakwama. Akajikuna kichwa, akazunguka kiti. "Usiniambie! Nitakumbuka mwenyewe."

Hivyo ndivyo tulivyoagana. Mahari hakuna, tarehe hakuna, ila wazee wawili wamekumbatiana kama mapacha. Nkt!

Tukafika nyumbani. Nikaanza kutafuta msemaji mwingine, mtu wa maneno machache.

Jumanne Metrine akapiga simu akilia. Nikajua tumeisha.

"Jared, baba alikuwa ameapa kuwafukuza. Aliambia ndugu zake wote hakuna binti yake ataolewa Ujaluoni. Hata chai alikataza."

Nikauliza, "Sasa mbona hakutufukuza?"

"Alisahau!"

Kumbe analia kwa kicheko.

"Tangu mwende anazunguka boma akisema nzige, nzige. Leo amepiga kelele kuku wakatawanyika. Tunutu! Anataka mrudi Jumamosi. Na mkileta msemaji mwingine, hafungui geti."

"Na ng'ombe?"

"Anasema mtaongea hayo yeye na Cephas wakimaliza wadudu."

Kwa hivyo, wasee, kama kwenu kuna mzee anayewachosha na maneno yake, msimfiche siku ya wageni. Pengine ndiye pekee atakayesikizwa.

Jumamosi nitakaa tena, nitaangalia viatu vyangu, nitanyamaza. Lakini wakifika kwa mtoto wa papa nikiwa bado kapera, haki ya Mungu nitaongea.