X Isiyochuruzika

Mie ni mchora mabango. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini anzia Buguruni, panda hadi Pugu, kisha unionyeshe saluni, bucha au gereji ambayo ukutani haina mkono wangu. Hata sasa ambapo kila mtu anakimbilia mabango ya kuprinti, yale ya plastiki yanayopauka kabla mwaka haujaisha, wenye akili bado wananifuata mie. Nyumba nimejenga kwa brashi. Binti nimemsomesha kwa brashi mpaka chuo kikuu. Na kila kazi naisaini, chini kona ya kulia, jina langu na namba ya simu, hata kama ni maneno mawili kwenye mlango wa choo.

Kazi moja tu sikuisaini.

Barabara ilikuwa inapanuliwa huku kwetu Ukonga. Wapimaji walishapita, wakasimika bikoni zao, vile vinguzo vya zege vya mpaka, wakaondoka. Kisha akaja msimamizi mmoja na orodha mkononi, anatafuta mtu wa kupiga X nyekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa. Mtu wao wa kwanza alikuwa anapaka kama anaua mende. Rangi inachuruzika hadi kibarazani, namba hazisomeki, majirani wanagombana hii ni sita au sifuri. Nikamwambia msimamizi, "Bosi, nipe hiyo ndoo."

Nilipiga X siku tatu. Na ngoja niseme ukweli, nilijivuna. X yangu mikono yake yote sawa, namba imekaa katikati chini yake, hakuna tone lililoteremka. Watu wanatoka ndani wameshika vichwa, na mie narudi nyuma hatua mbili, nafumba jicho moja, naikagua. Nilikuwa najiambia nisipopiga mie atapiga mwingine, tena vibaya.

Siku ya tatu, asubuhi, orodha ikanifikisha kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mjane, mtu wa bara, alikuwa karani mpiga taipu serikalini mpaka akastaafu. Ukuta wake wa mbele nilikuwa naupaka mie mwenyewe kila Desemba, kwa mapenzi, tangu nilipomwoa binti yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameenda kusali jumuiya. Msimamizi amesimama nyuma yangu anachezea simu, wala asingenilazimisha. Ningeweza kusema ukuta huu sipigi. Ningeweza kumrudishia ndoo yake.

Nikapiga. Juu ya rangi yangu mwenyewe. Tena nikarudi nyuma hatua mbili, kwa mazoea.

Jioni mke wangu akapigiwa simu na mama yake, akalia. Mie nikapiga meza nikasema, "Washenzi hawa! Hata mjane hawamwonei huruma?" Sikumwambia mtu. Nilifua ile suruali yenye matone mekundu kwa mikono yangu, mke wangu akashangaa leo nimepatwa na nini.

Jumapili tukaenda kumpa pole, mie, mke wangu na binti yetu wa chuo. Tulipofika, X ilikuwa inatuangalia tangu mbali. Nikaipita kama simjui aliyeipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Umekuja na brashi?"

"Mama, leo tumekuja kukupa pole."

"Pole nimeshapewa na mtaa mzima. Brashi je?" Akatumiminia chai. "Nataka unipakie rangi chumba changu."

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Chumba gani? Cha kulala?"

"Kwani nina kingine?"

"Mama! Nyumba inabomolewa!"

"Najua kusoma. X yenyewe imeandikwa vizuri kabisa."

Nikaitazama chai yangu. Na haikuwa X peke yake iliyonitatiza. Kwa mila za kwao, mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Haingii, hachungulii, hata kiti alichotoka kukalia hakikalii. Miaka yote hiyo mwisho wangu ulikuwa pazia la koridoni. Nyumba nzima imepita mikononi mwangu, ila chumba kile sikukijua hata rangi.

Binti yangu akadakia, "Bibi, achana na chumba. Baba apande ukuta wa nje, aandike juu ya hiyo X herufi kubwa, TUNATAKA HAKI YETU. Nitaipiga picha, itasambaa nchi nzima."

"Mwanangu," nikamwambia, "mie nimeandika USIKOJOE HAPA kwenye kuta zisizo na idadi, na kesho yake nakuta ukuta umelowa. Maandishi hayazuii mkojo, yatazuia katapila?"

"Sasa kama hayazuii, mbona hata hiyo usikojoe hapa unaiwekea na vivuli vya herufi? Unashinda juani siku nzima kwa ajili ya wakojoaji?"

Mke wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Mie nikajimiminia chai nyingine.

Bibi yake akasema taratibu, "Mie sitaki kelele ukutani. Wao wamepanga siku ya kubomoa, sawa. Hawajapanga nitalala chumba cha namna gani mpaka siku hiyo. Hilo ni langu. Mkwe, utakuja au nitafute fundi mwingine?"

Fundi mwingine! Kesho yake asubuhi nilikuwa pale na ngazi.

Ile mila tuligawana nusu kwa nusu. Nilipoingia mie, yeye alitoka, akakaa kwenye kigoda koridoni, pazia limeshushwa kati yetu. Kwa hiyo hatukukutana chumbani. Kulikuwa na kitanda chenye chandarua kilichofungwa fundo, koti la marehemu mume wake kwenye msumari, na taipureta kuukuu iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Nilitembea humo kwa vidole kama mwizi.

"Bluu," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Ya asubuhi, siyo ya sare za shule. Na ukuta wa nyuma kulikuwa na dirisha, unaona lilipozibwa?"

Nikaona. Matofali ya mle yalikuwa ya rangi tofauti kidogo.

"Tuliliziba wenyewe tulipoongeza vile vyumba viwili vya watoto kule nyuma. Kabla ya hapo ukiamka unaona vilima vya Pugu. Mzee alikuwa anavitazama kabla hata hajasema habari za asubuhi. Nichoree dirisha langu."

Binti yangu alikuja siku ya pili kunishikia ngazi. Akaniambia chuoni wanasoma kitu kinaitwa udhanaishi. "Mtu anaiuliza dunia kwa nini, dunia inakaa kimya. Hapo ndipo upuuzi unapoanzia, baba."

"Kama kuulizia fidia."

"Ndiyo hivyo. Wengine wanakata tamaa. Wengine wanajidanganya kuwa jibu lipo njiani. Na wengine wanajua kabisa jibu halipo, halafu wanaamka wanafanya kazi yao vizuri, makusudi. Huo nao ni uasi."

"Kwa hiyo bibi yako ni mwasi?"

"Namba moja mtaa mzima."

"Na mie?"

Akafikiri. "Wanasema pia mtu ni yale anayoyatenda. Hakuna kusema nilitumwa."

Alikuwa hajui lolote. Lakini mie ambaye nimewahi kuandika jina la basi huku basi linatembea, mstari wa kilima ukanienda pembeni. Ikabidi niufute, nianze upya.

Siku ya tatu nilikuwa peke yangu. Upande wa pili wa pazia nilisikia ungo, mama anapepeta mchele, sha, sha, sha. Wakatoliki wana kile kibanda cha kuungamia, na mie nikajiona nimo ndani yake, tofauti ni kwamba nina brashi.

"Mama."

"Naam."

"Ile X ya mbele."

"Imefanyaje?"

"Niliipiga mie."

Ungo ukanyamaza.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ileile niliporudi kutoka jumuiya. Mwanangu, mie nimepiga taipu maisha yangu yote, nilikuwa naijua barua imepigwa na nani kabla sijaangalia saini. Ukonga hii nani mwingine anapiga X isiyochuruzika? Na namba umeiweka katikati kabisa, kama kichwa cha habari."

Nilikaa kwenye ndoo ya rangi. "Na hukusema."

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Ungengoja mpaka katapila lifike, hapo ningekasirika." Ungo ukaanza tena, sha, sha. "Vilima vimefika wapi?"

"Bado kile cha kulia."

"Cha kulia kilikuwa na miti mirefu. Usikipunje."

Sikukipunja. Nilichora jani kwa jani mpaka kivuli cha fremu kikaangukia kitandani, au ndivyo nilivyoona mie. Akalala ndani ya chumba kile wiki tano. Mke wangu alisema mama yake amerudi kuamka mapema.

Katapila lilikuja asubuhi ya Jumanne. Tulishahamisha kitanda, koti na taipureta, tukavipeleka uani kwa jirani tukijua nyumba inaenda yote. Lilianza na ukuta wa mbele, X yangu ikapasuka kama biskuti. Likala sebule. Likala chumba, ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia. Kisha opereta akaona bikoni moja ya wapimaji iliyokuwa imefichwa na maua, akazima injini. Mstari wa barabara ulikuwa unaishia pale. Vyumba vya watoto vya nyuma na jiko havikumhusu.

Vumbi likatulia. Kati ya kuta za chumba, ule wa nyuma peke yake ulikuwa umesimama, sasa unaitazama barabara. Bluu ya asubuhi, na katikati yake dirisha liko wazi, vilima vya Pugu ndani yake.

Bodaboda watatu walisimama kwa pamoja bila kuambizana. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya alilitua chini. Opereta akashuka, akauliza, "Sasa haya ya huku ndani nani kachora?" Binti yangu hakutoa simu. Akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika zamani akivuka barabara.

"Baba," akasema, "hujaandika neno hata moja."

Mama hakuja kuishi kwetu, mila haikuruhusu, na yeye mwenyewe hakutaka. Alihamia kwenye vyumba vya watoto. Baada ya siku mbili nilirudi na brashi ndogo. Mabango yangu yote pamoja hayajatazamwa na watu kama ukuta ule, ningeuachaje bila saini? Nilikuta mama ananingoja, na miguuni pake kuna bonge la ukuta, kubwa kama ndoo. Lilikuwa na mkono mmoja wa X na nusu ya namba.

"Anza na hili," akasema.

"Mama, hili ni kifusi."

"Kila kazi unaisaini. Au hii siyo yako?"

Nikachuchumaa. Nikaandika jina langu kona ya kulia, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Na namba ya simu."

Nikaandika na namba ya simu. Akainama, akaisoma yote mpaka mwisho, kama alivyokuwa akihakiki barua za wakubwa zake. Akasema atalitumia kuwekea ndoo ya maji pale mlangoni.

"Rangi bado mbichi, mama."

"Basi kaa hapo mpaka ikauke," akasema, akanisogezea kigoda chake mwenyewe. "Chai inakuja."