Poleni, Nilizidisha Kimea

Kichwa kikikuuma kwa pombe ya mtu, unakwenda kumwambia nani? Bibi yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja hapa Lizaboni, Songea, mwanangu, enzi nilipojiona nina jibu la kila kitu.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu. Wakati ule nilihoji kila kitu: mahari, sala ya chakula, hata dawa ya mizizi ambayo Bibi alininywesha nikapona. Jirani yetu, Mama Oliva, alikuwa na sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Alipika komoni, pombe ya kienyeji ya kimea cha ulezi, na mimi nilikunywa kama mtu aliyetumwa kuimaliza. Kesho yake nikatoka uani nimekaza khanga kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo alivyonitania siku zote. "Mbona umejifunga kama mzigo wa kuni?"

"Nina hengova."

"Ndiyo ugonjwa gani?"

Nikamweleza kuwa ni kichwa kuuma asubuhi baada ya kulewa. Nikamwambia chuoni kila mtu ana neno hilo mdomoni. Aliyekosa kipindi hulitaja, na anayetaka kujisifu hulitaja kwa sauti zaidi. Ninyi vijana wa leo mnalitumia vilevile, nawasikia. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeshakwenda kumwambia Mama Oliva?"

"Nikamwambie ili anicheke?"

Hapo ndipo aliponiuliza swali lile. Kisha alisogeza ungo wake wa maharage, akaendelea kuchambua na kunisimulia.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Bibi alikuwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa mmoja wa waliokunywa ile dawa ya maji, wakaambiwa risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Zilidhuru. Yeye hakuuawa vitani. Alikamatwa akanyongwa hapahapa Songea. Kisha askari wakachoma maghala na mashamba, na watu wakabaki kuchimba mizizi porini. Mama yake alikuwa amefukia kibuyu kimoja cha ulezi chini ya mafiga. Hiyo ndiyo mbegu pekee aliyokuwa nayo.

Lakini kwao msiba haukuisha mpaka mjane apike pombe. Asipopika, marehemu anabaki nje ya mlango, na ukoo unasema mke amemtupa. Akiupika ule ulezi, hana cha kupanda, na watoto wake hawatauona mwaka mwingine.

"Akafanyaje?" nilimuuliza.

"Alibandika chungu. Watu walikuja, wamekonda wote, wakakaa, kata ya kunywea ikazunguka. Sisi watoto hatukuonjeshwa. Nilidhani ametia kiganja kimoja tu cha ulezi, maana hakuna aliyeimba wala kuyumba."

Kulikuwa na desturi, Bibi akasema, ambayo chuoni hawakunifundisha. Ukinywa pombe ya mtu, asubuhi unarudi kwake kumlalamikia kichwa. Hiyo ndiyo shukrani yake. Anayerudi mzima na mchangamfu amemtukana mpishi.

Basi asubuhi iliyofuata mama yake Bibi alikaa kando ya jiko, macho chini. Wa kwanza kufika alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu, ambaye neno lake lilikuwa neno la ukoo. Alikuja ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Shemeji, umetuua. Hata sijui nilifikaje kwangu."

Akafuata mwanamke wa jirani. "Mwenzangu, mume wangu ameamka ananiita mama! Ulitia nini mle?"

Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakiegemea ukuta, wakiomba maji. Mwishowe mjane akainua uso, akasema, "Poleni. Nilizidisha kimea."

Wakacheka. Msiba ukaisha, marehemu akaingia ndani.

Nami, kwa elimu yangu, nikamkatiza. "Lakini Bibi, walikuwa na njaa. Njaa inaumiza kichwa. Huenda vichwa viliwauma kweli, wala si kwa pombe."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Viliuma kweli. Kila siku viliuma. Unadhani wao hawakujua ni njaa? Asubuhi ile waliamua kuiita pombe ya mama yangu. Sasa wewe unakwenda kumvua nguo, na yuko kaburini?"

Niliinuka, nikaruka ua, nikamkuta Mama Oliva anasugua sufuria.

"Mama, umeniua. Kichwa kinapasuka."

Uso wake ulifunguka kama dirisha. "Pole, mwanangu," akasema. "Nilizidisha kimea."

Yalikuwa maneno yaleyale ya yule mjane. Mama Oliva si wa ukoo wetu, wala hajawahi kusimuliwa habari ile.

Mwanangu, sikukatazi kuhoji. Mimi mwenyewe sijaacha mpaka leo. Ila kabla hujauliza kama jambo ni kweli, tazama kwanza linamsitiri nani. Na ukila au ukinywa kwa mtu, usiyabebe maumivu yako kwenda kujisifu mbali. Rudi kwake, umpe hata malalamiko, ajue alikupa kitu. Mungu akujalie majirani wa namna ile, na akujalie uwe mmoja wao siku watakapokuhitaji.

Bibi alikuwa ameshafariki nilipokwenda msibani Lusewa, nikakaa na mzee mmoja, mjukuu wa yule shemeji. Yeye alisimuliwa na babu yake kile ambacho sisi hatukuambiwa. Kibuyu hakikufunguliwa siku ile. Ulezi wote ulikwenda shambani. Chunguni mlikuwa na maji ya mtoni, yamepashwa moto na kukorogwa kwa mwiko wa zamani wa pombe, na kila aliyepokea kata alijua tangu funda la kwanza.