Kahawa na Maziwa

Jirani aliniambia kahawa inaleta kansa ya huku kifuani. Nilikuwa nimegusa kivimbe nikimnyonyesha mtoto, basi nikaacha kahawa wiki mbili. Kivimbe hakikujali. Nikaenda kituo cha afya hapa Butembo. Muuguzi alikuwa mwanaume, na nyuma yangu kulikuwa na benchi la akina mama. Nikainama, nikauliza polepole:

"Muganga, kahawa inaharibu maziwa?"

"Hapana, mama. Changanya tu, utie na sukari."

Benchi lilicheka. Lakini muuza samaki mmoja aliutazama mkono wangu, niliokuwa nimeubana kifuani.

"Muganga, hapana maziwa ya kikombe. Ya kwake."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Ah. Kahawa haina kosa, mama. Kuko kitu unasikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akamwita mwenzake mwanamke, ambaye alinipima nyuma ya pazia.

"Pengine ni maziwa imefunga tu. Urudie juma ijayo. Kama haipungue, tutakutuma hôpital."

Nilirudi nyumbani, nikachemsha kahawa. Jumatatu nitaenda tena, na safari hii nitalisema neno lenyewe. Naanza mazoezi hapa gazetini, mbele yenu wasomaji: ziwa.