Jiwe la Bi Mwanakombo nililokataa kulipima

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Mimi ni mwanamke wa Likoni, na leo naweka wazi jambo ambalo sijawahi kulisimulia nje ya mtaa wetu. Sitatia chumvi, lenyewe lanitosha kwa aibu.

Mimi ni mtaalamu wa vimondo, yaani mawe yanayodondoka kutoka angani. Nilisomea ng'ambo, nikarudi Mombasa miaka ya themanini na degree yangu, nikidhani nchi yote inanisubiri mimi.

Wapi! Kazi ya vimondo haikuwepo. Nikaajiriwa kwenye lab moja Changamwe, kupima saruji na kokoto za wajenzi. Marehemu baba alikuwa akiniuliza, "Kwani mawe ya hapa chini yalikuwa yamekwisha?"

Hata hivyo nilibandika tangazo mlangoni: ukiokota jiwe la ajabu, niletee. Watu wakaleta, miaka na miaka. Yote yalikuwa mabaki ya chuma kutoka viwandani. Nikachoka moyo.

Asubuhi moja akaja Bi Mwanakombo, mjane mkulima wa mihogo kutoka Shika Adabu, huko kwetu Likoni. Amevuka feri, amepanda basi, jiwe jeusi kubwa kama nazi amelifunga kwenye leso.

"Mwanangu, hili limeanguka shambani kwangu jana mchana. Nimelisikia likinguruma, nikaliona likichimba ardhi."

Malori yalikuwa yamejipanga nje, bosi ananifokea. Hata sumaku ya kupimia sikuitoa kwenye droo. Nililigeuza mara moja tu.

"Bi, haya ni mabaki ya kiwandani. Kuna mtu aliyatupa pale."

"Nimeliona kwa macho yangu."

"Macho hukosea, Bi."

Akalifunga tena, taratibu, akatoka.

Wakuu, msinitetee. Kazi nilikuwa naijua. Nilifanya uvivu tu.

Miezi ikapita. Akaja mwalimu mmoja wa huko huko Likoni na kijiwe kama yai, kilichotoboa bati la jiko lake.

"Kilianguka siku ile ile ya yule bibi uliyemrudisha," akasema. "Mtaani wanamwita Bi Mbingu. Wanamcheka mpaka harusini haendi tena. Nami nilikificha hiki kwa kuogopa kuchekwa."

Nikakikata. Ndani mlikuwa na vijiduara vidogo vidogo na chembe za chuma zinang'aa. Kimondo halisi! Kitu nilichokingoja maisha yangu yote, na wallahi sikuweza kufurahi.

Kesho yake nikaenda Shika Adabu. Nilimkuta kibarazani akimenya mihogo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza jiwe liko wapi.

"Liko kwenye msingi wa choo. Mafundi wameshamwaga zege. Jiwe la uongo ningeliweka chumbani?"

Nikakaa chini nikalia. Aliniacha nilie, akaendelea na mihogo yake. Halafu akasema, "Umemaliza? Basi inuka. Wameniita muongo kwa neno lako. Nenda ukawaambie."

Akanishika mkono. Nyumba hadi nyumba, akibisha hodi yeye, nikisema mimi: "Bi Mwanakombo alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya wifi yake, aliyeanzisha lile jina. Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kiti. Akakifuta kwa ncha ya leso yake, akamwekea Bi Mwanakombo.

"Keti, wifi yangu. Nisamehe."

Bi Mwanakombo akaketi. Ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza, akifuta machozi.

Kile kijiwe cha mwalimu nilikiandikia ripoti, na jina la shahidi wa kwanza nililoandika ni lake. Ripoti hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye saruji. Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha vimondo chuoni, kazi niliyoisomea.

Lile jiwe kubwa sikulipata kamwe. Siku moja nilijaribu kumwomba tuvunje choo. Akanitazama. "Na sisi twende wapi?"

Wakuu, mtu akikuletea alichokiona, pima kitu chake kabla hujampima yeye. Na ukikosea, usiombe msamaha chumbani kwa kosa ulilomvunjia mtu heshima mtaani.

Nawe je, kuna uliyemvunja moyo kwa jibu la haraka ukiwa kazini? Ulirudi kwake? Semeni hapa chini, hata wa kunisuta karibuni.