Skonzi za Jikoni kwa Murdo

Kabla baruti haijalipuka mapema kule machimboni na kumwondolea mikono yote miwili kuanzia viwikoni, Murdo Carmichael wa Balnacree alikuwa mtu wa kula hadharani. Alikula kiazi cha moto huku akitembea njiani, alikula samaki mkavu akiwa ameketi juu ya ukuta wa kanisa, na kila aliyepita alimegewa. Wapo watu huko Uskoti wanaokula kana kwamba wameiba. Yeye hakuwa mmoja wao.

Tangu ajali ile, alikula mlango ukiwa na komeo, uso ameuelekeza ukutani, mkewe Effie akimlisha kwa kijiko. Mtu akibisha hodi, sahani ilisukumwa chini ya meza, na mgeni alipokuja kuondoka uji ulikuwa umeganda. Hata Peigi, dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, hakuwa amemwona tena akitafuna. Effie hakulalamika. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akichoka, alipiga mluzi.

Basi Oktoba ikafika mwisho, ikaja Halowini, usiku wa michezo na wa watoto kupita nyumba kwa nyumba wamevaa vinyago. Mchezo wa jioni ile ulikuwa wa nyumba hiyo tangu baba yao yu hai, kwa sababu jiko lilikuwa pana, na darini kulikuwa na kichanja cha mbao cha kuanikia nguo, kile kinachopandishwa na kushushwa kwa kamba. Skonzi zilitundikwa hapo kwa nyuzi, zimepakwa molasi nyeusi hadi zinachuruzika. Wachezaji, wakubwa kwa wadogo, walifungwa mikono nyuma kwa skafu, wakazikimbiza kwa meno zikibembea. Anayemaliza yake kwanza ndiye bingwa. Hakuna aliyewahi kutoka pale na uso safi. Mchungaji mmoja alijaribu, akarudi kwake na molasi sikioni, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyesikiliza mahubiri.

Mchana wa siku ile Peigi alikuja na maneno aliyoyapanga njiani. Amezungumza na majirani, alisema, na mwaka huu mchezo utakuwa kwake. Murdo apumzike. Tena watoto wanaweza kuogopa. Akaitazama mikono ya shati la mdogo wake, iliyokunjwa na kubanwa kwa pini, kisha akageukia dirisha.

"Watoto wameshaniona," Murdo alisema.

"Kukuona ni kitu kimoja, mdogo wangu. Pale watu watakuwa wanakula. Wewe utakaa wapi?"

Hapo ndipo palipouma, na Peigi alijua. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka kumfunika, kama alivyomfunika shuka alipokuwa mdogo.

"Nitakaa kwangu," Murdo akasema. "Na skonzi zitaning'inia kwangu. Anayeogopa alale mapema."

Peigi akamgeukia Effie, kama watu wote walivyozoea kumgeukia Effie siku hizo, kana kwamba Murdo ameshatoka chumbani. Effie alikuwa tayari anachekecha unga.

Alasiri walichonga uso kwenye turnipu, ule mzizi mnene kama kiazi, ili ndani wawekee mshumaa. Zamani ilikuwa kazi yake Murdo. Sasa alilibana kwa magoti, akatoa amri, na Effie akachimba kwa kisu. Lilitoka na makengeza, mdomo umepinda. Effie akalirudisha nyuma kidogo, akalitazama.

"Dada yako huyu," akasema.

Jioni majirani waliingia, nyuso zimepakwa masizi, mifuko imejaa njugu. Walimsalimia Murdo kwa sauti kubwa mno, utadhani yaliyoharibika ni masikio. Skonzi zilipotundikwa, akaenda akasimama kwenye mstari, chini ya ile ya mwisho, kando ya Peigi.

Mfungaji alikuwa Lachie, waliyechimba naye mawe tangu ujana. Alifunga mmoja mmoja, akitania, hadi akafika kwa Murdo. Akabaki na skafu mkononi.

"Wewe uko tayari hivyo hivyo, ndugu yangu," Lachie akasema taratibu.

"Sheria inasemaje?"

"Mikono nyuma."

"Basi nifunge. Mwaka jana ulinifunga hadi nikafa ganzi. Mwaka huu nimekukosea nini?"

"Nifunge nini, Murdo?"

"Mikono ya shati si hiyo? Sitaki kesho mtu aseme nilishinda kwa kuonewa huruma."

Lachie akatoa zile pini. Akaivuta mikono mitupu ya shati hadi mgongoni, akaizungushia skafu, akafunga fundo legelege.

"Kaza," Murdo akasema.

Mtu mmoja akaguna. Peigi, naye akiwa amefungwa, alikuwa akimtazama mdogo wake, na midomo ilikuwa inamcheza. Kisha akainua kidevu.

"Mfunge vizuri huyo, Lachie. Ni mwizi tangu hajaota meno."

Lachie akakaza.

Mchezo ukaanza. Skonzi ya Murdo ilimpiga puani, ikazunguka, ikampiga jichoni. Akaing'ata, ikamponyoka, akaifuata amepiga magoti, molasi inamwingia kolani. Alikuwa amebakiza kipande alipohisi kitu kizito begani. Peigi alikuwa ameibana skonzi yake hapo, kwenye bega la mdogo wake, akiimaliza bila haraka.

"Anaiba!" Murdo alipaza sauti, makombo yakiruka. "Mmemwona? Amenigeuza meza!"

Peigi alisema hakuna sheria ya mabega. Wengine wakaunga mkono huku, wengine kule, wote vinywa vimejaa, na Murdo akabishana akitafuna, akatafuna akibishana, mbele ya kijiji chote.

Effie alikuja na kitambaa kibichi. Kwa mazoea mkono wake ulikwenda kwa mumewe kwanza.

"Anza na wageni," Murdo akamwambia. "Na hiyo iliyobaki juu, nitungulie. Bado nina njaa."

Akawafuta wote mmoja mmoja, wamesimama na mikono yao nyuma wakimnyooshea nyuso kama watoto. Kisha akatungua ile skonzi, akammegea Murdo. Mara hodi ikapigwa; watoto wa vinyago walikuwa wamefika na nyimbo zao. Effie akasita, kipande hewani, akamtazama mumewe.

"Ingieni," Murdo akasema, akafungua kinywa.