Ufunguo Mfukoni

Pale gereji, mwanamke aliyekuwa fundi wa kushona viti vya magari aliitwa Mama Ufunguo, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Gari lako haligusi mpaka umkabidhi ufunguo, autie kwenye mfuko wa aproni, ndipo aingie ndani na sindano yake. Mafundi wakicheka, anawasonya.

Walicheka, lakini walijua. Miaka miwili nyuma lori lilikatika breki likawavaa yeye na mumewe ndani ya gari lao. Mume alifia palepale kwenye usukani. Yeye akatoka na mkwaruzo wa paji la uso tu, na kwa hilo hajaacha kujilaumu. Tangu siku hiyo hajapanda gari linalotembea. Sokoni kwa miguu, msibani kwa miguu, hata kwenye harusi ya bintiye wa pekee alifika kwa miguu, viatu mkononi, jasho likimtiririka.

Sasa asubuhi moja simu ikalia. Mkwewe alikuwa akihema utadhani ndiye anayezaa: binti kashikwa na uchungu, yuko hospitali, anamtaka mama yake. Weee! Mkasi ukaenda huko, uzi huko. Furaha ilimpanda hata akasahau kuvua aproni. Akatoka mbio hadi getini, na hapo akasimama. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu.

Fundi wa breki, rafiki wa marehemu, akamfuata taratibu. Akamwambia gari lile analolishona viti, breki zake alizikagua jana kwa mkono wake mwenyewe, tena mara mbili.

"Ila siwezi kuliwasha, dada," akasema. "Ufunguo unao wewe."

Mkono ukaingia mfukoni, ukakaa humo. Akamlilia mumewe palepale, kwa sauti, mbele za watu. Kisha akautoa ufunguo, akampa.

Njiani alifumba macho, akang'ang'ania mkanda kwa mikono miwili, akamwita Mungu kila kona. Walipokaribia hospitali akafumbua jicho moja, akamuuliza fundi mbona anaendesha kama kabeba mayai.

Alimkuta binti kitandani, bado hajajifungua. Binti akatazama saa ya ukutani, akatazama aproni.

"Mama, umefikaje mapema hivi?"

"Nimepanda gari, mwanangu."

Binti akausahau uchungu wake, akaangua kilio, mama naye akadakia. Nesi akaja mbio akidhani mtoto anatoka. Na kweli alikuwa anatoka.